Mkono wa kwao, ulimi wa kwao

Mjini, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Ng'ambo wazima, alhamdulillahi, na tunaomba nanyi huko Jambiani hamjambo, pamoja na mama na huyo mdogo aliyeanza skuli. Nimefurahi kusikia kazi yako ya kukodisha gari kwa wageni imeanza: Suzuki Escudo mbili zimeshatoka bandarini na vespa nne ziko tayari. Umeniuliza mawili katika ujumbe mmoja: mbona wageni wanaendesha ovyo hivi, na mbona Kiingereza chao hukisikii ilhali umekisoma. Nakujibu yote pamoja, maana ukikaa kwenye kazi hii utaona ni jambo moja. Mgeni anakuja na mkono wa kwao na ulimi wa kwao, vyote anavitumia bila kufikiri, na hapo ndipo gari yako inapoumia. Wahuni wa kweli wapo, lakini hao ni wachache na utawajua tangu mlangoni.

Tuanze na mkono. Escudo zako zilitengenezwa kwa soko la Japani: usukani kulia, indiketa mkono wa kulia, waipa mkono wa kushoto. Mjerumani, Mtaliano, Mmarekani, wote kwao indiketa iko kushoto. Hata Muingereza, ambaye kwao wanapita kushoto kama sisi na usukani wake uko kulia, indiketa yake iko kushoto. Kwa hivyo siku ya kwanza utawaona wanakata kona ya Paje huku waipa zinafuta kioo kikavu. Usicheke. Waipa zikicheza bila mvua ujue dereva wa nyuma hakupewa ishara yoyote, na huyo wa nyuma huenda ni daladala ya 309 yenye haraka zake. Tena vumbi la mchanga likisuguliwa juu ya kioo kikavu linaacha mikwaruzo, na jua la jioni likiupiga uso wa kioo kile dereva haoni kitu. Kata stika nyekundu ndogo, ibandike kwenye kijiti cha kulia, na kabla mgeni hajawasha injini mwambie apige indiketa kulia mara tatu, kushoto mara tatu. Mdomo ukimwambia atasema ndiyo; mkono mpaka ufanye.

Suala la upande wa barabara watu wanalielewa vibaya. Wanadhani mgeni atasahau akiwa katikati ya msongamano. Hasahau hapo, kwa sababu anamfuata aliye mbele yake. Anasahau akiwa peke yake: anapotoka sheli, anapotoka kwenye kichochoro cha hoteli asubuhi na mapema barabara ikiwa tupu, anapogeuza baada ya kusimama kununua madafu. Hapo mwili unarudi kwao, na anakaa kulia raha mustarehe mpaka atokee mtu wa baiskeli na kikapu chake cha samaki. Kukunja kulia ndiko kubaya zaidi, maana kwao ndiyo kona fupi, anaikata na kuingia moja kwa moja upande wa wanaokuja.

Kwenye kipilefti ni vile vile. Kwao wanazunguka kinyume cha mshale wa saa na wanatazama kushoto. Kwetu tunazunguka kama mshale wa saa, na gari ya kumpisha inatokea kulia. Mgeni anatazama kushoto, anaona kweupe, anaingia. Neno la kumpa ni hili moja: dereva siku zote awe upande wa katikati ya barabara, abiria wake ndiye awe upande wa majani. Kwao ni hivyo hivyo, kwa sababu usukani wao uko kushoto, kwa hiyo hana jipya la kukariri. Linamsaidia kuliko kumwambia "keep left" mara kumi.

Kosa la tatu ndilo linalokula pesa, na wenye gari wengi hawalijui asili yake. Mgeni aliyezoea kukaa upande wa kushoto wa gari, ukimweka kulia, anataka aendelee kuona barabara kutoka pale alipozoea. Bila kujua anaisogeza gari nzima kushoto. Ndiyo maana kioo cha pembeni cha kushoto kinavunjika, rimu za kushoto zinakwanguka, na tairi za kushoto zinateremka ukingo wa lami na kupanda tena. Pale ukingoni pana mawe ya matumbawe yenye makali. Yakikata ubavu wa tairi hakuna fundi wa pancha atakayeuziba, ni tairi jipya. Gari ikirudi, zunguka kwanza upande wa kushoto: pitisha kiganja kwenye ubavu wa tairi zote mbili, chuchumaa utazame rimu, ndiyo uje mbele. Na picha za wakati wa kuondoka ziwe nyingi upande huo.

Wasikudanganye kwa Kiswahili wageni kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Kwao wanapita kulia kama Ufaransa, nao wape somo lile lile. Mkenya na Mganda wao ni wa kushoto.

Kwa hiyo usikabidhi ufunguo mezani. Panda naye dakika ishirini: mtoke uwani, mkunje kulia mara mbili, mfike Paje mzunguke kipilefti mara mbili, muingie sheli na kutoka, mrudi. Akikataa kwa kusema ameendesha miaka thelathini, huyo ndiye wa kupanda naye dakika arubaini.

Barabara yenyewe mueleze kwa ufupi. Kutoka Mjini kupita Tunguu mpaka Paje ni lami, lakini Jozani pana matuta, na yaliwekwa kwa sababu kima punju walikuwa wanakufa kwa gari. Wanavuka kundi zima, hivyo akimuona mmoja amepita asiongeze mwendo, wengine wako njiani. Baada ya hapo giza. Mtu wa Ulaya kiangazi chao jua likizama anabaki na mwanga muda mrefu. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi na haipiti nusu saa kumeshakuwa giza, na saa hiyo hiyo ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, gari ya ng'ombe haina taa, na watu wanatembea pembezoni wakielekea msikitini. Andika kwenye mkataba gari iwe imeegeshwa kabla ya Magharibi. Ufukweni isiingie kabisa. Maji yakijaa hayamsubiri aliyenasa kwenye mchanga, na chumvi inaila gari kutoka chini ambako huoni.

Vespa sitaki kukaa sana, ingawa ndiyo inayoumiza wengi. Uliza leseni ya pikipiki hasa, si ya gari, maana akianguka bila leseni hiyo bima yake ya safari inaweza kukataa kulipa, na hospitali itakutazama wewe. Apandie upande wa kushoto: ekzosi mara nyingi iko kulia, na utaona wageni wengi ufukweni wana kovu la duara kwenye shavu la mguu wa kulia. Kwenye mchanga asishike breki ya mbele. Helmeti mbili, zenye mikanda inayofunga.

Sasa ulimi, na hapa ndipo penye mambo. Kiingereza cha skuli walichotufundisha ni kimoja. Watakaokupigia simu saa tano za usiku wanazungumza vingi, na wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Usione haya.

Muingereza atakupigia: "I've hit a sleeping policeman." Ukisikia hivyo roho itaruka, utamuona askari amelala barabarani na mgeni wako amempitia juu. Pumua. "Sleeping policeman" kwao ni tuta. Amepita tuta kwa kasi, ulichonacho cha kutazama ni bampa, ekzosi na rimu. Mtu wa New Zealand tuta hilo hilo analiita "judder bar". Mmarekani aliyekaa jirani na Muingereza huyo hilo la askari naye litampita, kwake ni "speed bump".

Mnigeria atakuandikia yuko kwenye "hold-up" karibu na soko la Mwanakwerekwe. Kwa Mmarekani neno hilo ni ujambazi wa bunduki. Kwa Mnigeria ni foleni tu, na siku nyingine ataiita "go-slow". Usipige polisi, mwambie avumilie, soko litafungwa.

Wa Afrika Kusini akiuliza kama mbele kuna "robot" hachekeshi, anauliza taa za barabarani. Kipilefti anakiita "circle", pikapu ni "bakkie", honi ni "hooter". Mmarekani wa pande za Boston kipilefti anakiita "rotary". Sisi wenyewe tumelichukua lile bango la Waingereza, "keep left", tukaligeuza jina la mzunguko wenyewe, halafu tunamshangaa mgeni tukimwambia "go to the kipilefti" akabaki kutukodolea macho.

Sehemu za gari ndizo zitakazokusumbua kila siku. Muingereza nyuma ana "boot" na mbele "bonnet", nasi tumezichukua hizo, buti na boneti. Mmarekani nyuma ana "trunk", mbele "hood", na kioo cha mbele "windshield". Ukimwambia sanduku liko kwenye "boot" atatafuta kiatu. Muhindi buti analiita "dickey", jina la kile kiti cha kukunjua kilichokuwa nyuma ya gari za zamani, na tairi la spea analiita "stepney". Hilo limetoka kwenye mtaa wa Stepney huko Llanelli, Wales, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wanatengeneza gurudumu la akiba la kufungia gari. Huko India mafundi wanalijua mpaka leo. Kwa hiyo Muhindi akikwambia "stepney is flat", usiende kufungua tairi lililo barabarani: anasema la spea halina upepo, na hilo ni kosa lako, ulitakiwa ulipime kabla ya kumpa gari.

Mafuta pia. Mmarekani petroli anaiita "gas". Akisema hivyo sheli, kijana wa pampu anaweza kumuelekeza kwenye mitungi ya kupikia. Andika kwenye kifuniko cha tangi kwa herufi kubwa PETROL, na chini yake PETROLI. Hili la kifuniko lina faida nyingine: mgeni anayetoka nchi ya dizeli nyingi anaweza kuchukua pampu asiyoijua. Akishatia dizeli kwenye petroli asiwashe injini hata mara moja, hata kusogeza. Avutwe, tangi likaushwe. Akiwasha, mafuta machafu yanafika mpaka kwenye nozeli na bei inapanda mara kadhaa.

Kuna neno moja ambalo linaweza kumuua mtu, nalo ni "pavement". Kwa Muingereza ni pale wanapopita watembea kwa miguu. Kwa Mmarekani ni lami yenyewe wanayopita magari. Umeweka bango la kuwaambia watu wa vespa wasiende kwenye "pavement"? Liondoe leo. Andika "road" kwa barabara na "footpath" kwa njia ya miguu.

Ajali ndogo zina majina ya kuchezea, na ni kwa makusudi, mtu hataki uone kubwa. Muingereza atasema amepata "prang", Muaustralia "bingle", Mmarekani "fender bender". Yote ni kugongana kidogo. Ukisikia moja katika hayo usiseme "no problem" ukarudi kulala, uliza palepale: kuna aliyeumia, gari inatembea, uko karibu na kijiji gani. Kinyume chake akisema "write-off" au "totaled", gari imekwisha. Muaustralia akimlalamikia dereva wa daladala kwamba ni "hoon", anamaanisha mwendawazimu wa barabarani, na kwao kuna sheria za kumnyang'anya gari mtu wa aina hiyo. Akikuuliza iko wapi "rego", anataka karatasi za usajili.

Hili la mwisho katika ajali liandike ukutani. Shahidi akisema "the driver was pissed", Muingereza amesema dereva amelewa. Mmarekani amesema dereva amekasirika. Mmoja anamtia mtu kwenye kesi, mwingine anasimulia tabia. Ukiitwa kutafsiri mbele ya askari, uliza kwanza: "drunk or angry?" Usitafsiri kwa kubahatisha hata kama askari ana haraka.

Hata taa zina lahaja. Muingereza akikuwashia taa kubwa mara moja mara nyingi anakupisha, ingawa kanuni zao zinasema taa hizo ni za kujulisha tu kwamba upo. Mtaliano akiwasha anasema nakuja, toka. Dereva wetu anayekuja mbele akiwasha pengine anakwambia trafiki wako mbele, pengine anakwambia usithubutu kutoka. Weka Muingereza na daladala kwenye njia nyembamba, kila mmoja akiwasha: wa kwanza anapita kwa kuwa amepishwa, wa pili anapita kwa kuwa ametoa onyo. Mwambie mgeni kwa Unguja taa zisomwe hivi: anayewasha anapita yeye.

Saa na tarehe ndizo zinazoharibu daftari la oda. Muingereza akisema atarudisha gari "half seven" anakusudia nusu baada ya saba yao, yaani saa moja na nusu yetu. Mjerumani au Mholanzi anayefikiri kwa lugha yake na kutamka kwa Kiingereza, "half seven" yake ni saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu kwao ni nusu ya kuelekea saba. Na kijana wako wa uwani akiandika "saba na nusu" tutaisoma saa saba na nusu mchana. Neno moja, saa tatu tofauti, na mteja mwingine amekaa na mizigo yake anasubiri gari. Andika tarakimu za saa ishirini na nne, 19:30, umuoneshe aweke sahihi pembeni. Tarehe andika mwezi kwa herufi, maana 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. "Thursday week" si Alhamisi hii, ni ya wiki inayofuata. "Fortnight" ni siku 14, na Mmarekani hatalijua. Wa Afrika Kusini akikwambia anakuja "just now", kanywe chai: ni baadaye, haijulikani lini. Akisema "now now" ndiyo karibu.

Karatasi sasa, haraka haraka. Kila dereva awe na leseni yake halisi, si picha ya simu, pamoja na kibali cha muda cha Zanzibar. Vituo vya askari njiani wataulizia hicho, na wewe ndiye wa kumtafutia kabla hajafika. Wageni wengi watakwambia wameshalipa bima, wakikuonesha ile wanayolipa wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kwa dola 44. Ile ni ya mtu na safari yake, gari yako haimo. Waeleze kabla ya sahihi, kwani baada ya ajali hakuna atakayekuamini.

Akigonga: azime injini, awashe taa za hatari, aweke ile pembetatu nyekundu hatua kama hamsini nyuma, apige picha kabla gari hazijasogezwa, akupigie wewe na polisi. Kukiwa na aliyeumia ni PF3, ile fomu ya polisi, kutoka kituoni ili atibiwe bila mvutano. Asitoe pesa barabarani, asikubali kosa kwa maneno asiyoyajua. "Sorry" yake ni adabu. Waliokusanyika pale wanaweza kuisikia kama amekiri, sawa na yeye anavyosikia "pole" yetu akadhani sisi ndio tuliomgonga.

Nimekuchorea karatasi moja yenye picha ya gari, kila sehemu na majina yake matano: letu, la Muingereza, la Mmarekani, la Muhindi na la Afrika Kusini. Mgeni akipiga simu mwambie akutajie namba ya sehemu, msibishane majina. Itie plastiki, moja kwenye kila deshibodi, moja juu ya meza yako. Nampa konda wa 309 Jumatano asubuhi pamoja na stika nyekundu sita. Za vespa sikukata, kwa sababu hazina kijiti cha indiketa. Uniambie pia kama spea za Escudo zote mbili zina upepo. Usiniambie "zinaonekana zina". Zipime.

Msalimie mama, na huyo wa skuli mwambie daftari zake ziko kwangu.

Wasalaam,
Shogaako wa Ng'ambo